Kutoka Maabara hadi Gorogoro: Utafiti wa Vyuo Vikuu, Mitandao ya Ushirikiano na Ujasiriamali katika Vita dhidi ya Sumukuvu Ukambani

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna matokeo ya utafiti wa vyuo vikuu yanavyogeuzwa kuwa bidhaa na biashara kwa njia ya mitandao ya ushirikiano. Mfano unaotumiwa ni wa bidhaa mbili zilizokusudiwa, pamoja na wengine, wakulima wa Ukambani baada ya maafa ya sumukuvu ya mwaka 2004. Bidhaa hizo ni Aflasafe KE01 na gunia la PICS. Inadaiwa hapa kwamba tofauti ya mwendo wa bidhaa hizi sokoni haitokani na ubora wa sayansi iliyozizaa, bali inatokana na swali la nani anaiona faida yake na nani yuko tayari kuilipia. Aidha, inaonyeshwa kwamba lugha ni kiungo kimojawapo cha mtandao huo, tena kiungo kilichopuuzwa.

Utangulizi

Neno ujasiriamali limeundwa kwa kuunganisha dhana mbili, ujasiri na mali. Ni istilahi iliyofaulu. Imekubalika Tanzania na Kenya, imeingia katika mitaala na katika hotuba za wanasiasa, na mwanafunzi wa leo hahitaji kuelezwa maana yake. Hata hivyo, muundo wa neno hili umebeba dai ambalo si rahisi kuligundua, nalo ni kwamba penye mali mpya pana mtu mmoja aliyethubutu. Katika fikra za wengi, mjasiriamali ni yule aliyeacha kazi, akachukua mkopo, akafungua duka. Dai hilo linapopelekwa katika uhusiano wa chuo kikuu na soko, linapotosha. Bidhaa inayotokana na utafiti mara chache huwa na mwenyewe mmoja, na mara nyingi yule aliyethubutu kuianza siye anayeiuza.

Wataalamu wamelieleza jambo hili kwa njia mbalimbali. Henry Etzkowitz na Loet Leydesdorff, katika miaka ya 1990, walipendekeza kwamba uvumbuzi uangaliwe kama msuko wa nyuzi tatu: chuo kikuu, serikali na viwanda. Kabla yao, mwaka 1973, mwanasosholojia Mark Granovetter alikuwa ameonyesha kwamba habari mpya humfikia mtu zaidi kupitia watu anaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia jamaa na marafiki wa karibu, kwa kuwa hao wa karibu wanajua yale yale anayoyajua yeye. Nadharia zote mbili zina manufaa, lakini zote mbili ziliandikwa kwa kutazama miji ya viwanda. Hazisemi lolote kuhusu mkulima wa mahindi katika nchi kame ambaye anakula anachokivuna. Ni huyu anayetutuma Makindu.

Makindu na mahindi ya mwaka 2004

Mji wa Makindu uko kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni. Wasafiri wengi wanaujua kwa hekalu lake la Masingasinga, ambako mgeni yeyote hupewa chakula bila malipo. Wanasayansi wa kilimo wanaujua kwa sababu nyingine. Kilomita chache kutoka mjini, upande wa Nairobi, kuna kituo cha utafiti cha Kiboko. Katika kituo hicho watafiti wa serikali ya Kenya, wakishirikiana na vituo vya kimataifa vya CIMMYT na ICRISAT, wamejaribu kwa miaka mingi mbegu za mahindi, mtama na mbaazi zinazostahimili ukame. Upande wa pili, huko Kibwezi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo chake cha utafiti wa nchi kame. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba eneo hili lilikuwa mbali na elimu.

Na bado, mwaka 2004, watu walikufa kwa chakula chao wenyewe. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walitoka wilaya za Makueni na Kitui. Macho yalikuwa ya manjano, matumbo yalivimba, maini yaliacha kufanya kazi. Chanzo kilikuwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hii huvamia mahindi yakiwa bado shambani, hasa yanapopata dhiki ya ukame, kisha huendelea kukua ghalani ikiwa mahindi hayakukauka. Uchunguzi uliofanywa wakati huo ulionyesha kwamba familia zilizougua zilielekea kuwa zile zilizohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghala. Katika mwaka wa njaa hili halihitaji maelezo marefu. Mahindi yaliyoachwa shambani yakauke huibwa, na yaliyo ghalani nje hayalindwi.

Sampuli 350 za bidhaa za mahindi zilikusanywa kutoka masoko 65 ya wilaya nne. Asilimia 55 zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa na sheria ya Kenya wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila bilioni. Asilimia 7 zilipita sehemu 1,000. Yaani sumu haikuwa nyumbani tu. Ilikuwa sokoni, ikipimwa kwa gorogoro na kununuliwa na watu ambao mahindi yao yalikuwa yamekwisha.

Jambo linalopaswa kumsumbua msomi yeyote ni kwamba maafa haya hayakuwa ya kwanza. Mwaka 1981, katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, wagonjwa 20 walitambuliwa na 12 wakafa kwa sumu hiyo hiyo. Habari zake zilichapishwa katika jarida mashuhuri la kitabibu mwaka uliofuata. Maarifa yalikuwepo, yamepigwa chapa na kuwekwa maktabani. Kilichokosekana kwa miaka 23 hakikuwa ugunduzi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyachukua maarifa hayo kutoka rafuni na kuyageuza kuwa kitu ambacho mkulima anaweza kukishika mkononi.

Kuvu dhidi ya kuvu

Safari ya kitu hicho ilianzia mbali, katika mashamba ya pamba ya Arizona, Marekani. Mbegu za pamba hulishwa ng'ombe wa maziwa, na sumu iliyo katika mbegu hupita ikaingia katika maziwa, hivyo wakulima wa huko walikuwa wakipata hasara. Peter Cotty, mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani ambaye baadaye alifanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Arizona, aligundua kwamba si kila Aspergillus flavus hutoa sumu. Wapo ndugu wa kuvu hiyo wasio na sumu kabisa. Wakitangulizwa shambani kwa wingi, wanachukua nafasi na chakula ambacho ndugu zao wenye sumu wangekitumia. Ni kama basi lililojaa abiria kabla halijafika kituoni. Anayesubiri hapo hapati kiti.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye funzo kwa mada hii. Kampuni kubwa ya dawa haikununua ugunduzi huo. Walioupokea ni wakulima wenyewe, kupitia baraza lao la utafiti na ulinzi wa pamba la Arizona, ambalo lilijenga kiwanda na kuisajili bidhaa hiyo, AF36, mwaka 2003. Wenye hasara ndio waliokuwa wenye kiwanda. Mtandao ulikuwa mfupi, na kila aliyekuwa ndani yake aliiona faida katika hesabu za mwisho wa msimu.

Maafa ya Ukambani ya mwaka 2004 yaliingia katika mtandao huo kwa njia ya sampuli. Unga na mahindi kutoka vijiji vilivyoathirika vilisafirishwa hadi Marekani, na katika maabara ya Arizona, Claudia Probst na wenzake wakaotesha kuvu zilizokuwamo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba mahindi hayo yalitawaliwa na kundi la kuvu linaloitwa aina ya S, ambalo hutoa sumu nyingi kupita kawaida. Kutoka katika nchi hiyo hiyo ya Kenya, watafiti wakatafuta kuvu za kienyeji zisizo na sumu. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), yenye makao yake makuu Ibadan, ilikuwa tayari inafanya kazi kama hiyo Nigeria chini ya Ranajit Bandyopadhyay. Nchini Kenya kazi ilifanywa kwa ushirikiano na taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, KARI, ambayo baadaye iliingizwa katika KALRO. Charity Mutegi, Mkenya aliyeongoza sehemu kubwa ya kazi hiyo, alitunukiwa mwaka 2013 tuzo ya Norman Borlaug kwa utafiti wa mashambani.

Mwaka 2015 bidhaa ilisajiliwa kwa jina Aflasafe KE01. Ina aina nne za kuvu za Kenya zisizo na sumu, zilizopakwa juu ya punje za mtama uliokaangwa ili usiote. Mkulima hutawanya kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Majaribio yalionyesha kwamba sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Kiwanda kilijengwa Katumani, Machakos, katika kituo cha KALRO, na kampuni ya Koppert ikapewa kazi ya usambazaji.

Ukitazama mlolongo huu, unaona hospitali za wilaya, maabara ya Marekani, chuo kikuu, taasisi ya kimataifa yenye makao Nigeria, taasisi ya serikali ya Kenya, bodi ya kusajili viuatilifu, kampuni ya kibinafsi na duka la pembejeo, lile ambalo wenyeji huliita agroveti. Granovetter angefurahi. Hakuna viungo viwili vya mlolongo huu vilivyokuwa majirani. Mtu akiuliza mjasiriamali ni nani hapa, hapati jibu, na hilo si kosa la swali.

Gunia linalojiuza

Kabla ya kuendelea na Aflasafe inafaa kutazama bidhaa ya pili, kwa sababu mwendo wake ulikuwa tofauti sana.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, akishirikiana na watafiti wa Kameruni, alitafuta njia ya kuhifadhi kunde bila dawa. Jibu lao lilikuwa jepesi mno hata likaonekana si sayansi: mifuko miwili mizito ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, yote ndani ya gunia la kawaida. Ukifunga vizuri, wadudu waliomo hutumia hewa yote ya oksijeni, kisha huacha kula na kufa. Kwa miaka mingi wazo hilo lilibaki Kameruni na jirani zake. Mwaka 2007 mradi mkubwa uliofadhiliwa na Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulilipeleka kote Afrika Magharibi, na baadaye likaja Afrika Mashariki. Nchini Kenya kampuni ya Bell Industries ya Nairobi ndiyo iliyopewa leseni ya gunia la PICS.

Gunia hili lilikuta adui aliyekwisha kujulikana kwa jina. Dumuzi wa mahindi kutoka Amerika ya Kati alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akafika Taveta mwaka 1983, kisha akaenea Kenya. Watanzania walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania, jina la lori. Wakenya, baada ya mwaka 2001, wakampa jina Osama. Mwanaisimu anaweza kutabasamu, lakini majina haya yana kazi. Yanaonyesha kwamba mkulima alimwona mdudu, aliona vumbi la unga chini ya gunia, akapima hasara kwa macho. Mfanyabiashara wa magunia hakuhitaji kumweleza mtu yeyote kwamba kuna tatizo. Ghali ingawa ni ghali kuliko gunia la kawaida, mkulima akilifungua baada ya miezi sita hukuta punje nzima, na jirani aliyesimama pembeni huona pia. Biashara ya namna hii hujitangaza yenyewe.

Ni lazima pia isemwe kwamba gunia hili si tiba ya sumukuvu. Likijazwa mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5, linahifadhi tatizo badala ya kuliondoa. Linazuia sumu isiongezeke ikiwa mahindi yalikauka vizuri, lakini sumu iliyoingia shambani inabaki pale pale.

Hali kama hiyo inaonekana Kakamega. Huko kikundi cha wakulima wa Muliru, kwa msaada wa taasisi ya icipe na Chuo Kikuu cha Nairobi, kilianza kukamua mafuta ya mmea wa jamii ya mrehani na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kikundi hicho kilipata tuzo ya Equator mwaka 2010. Anayejipaka huisikia harufu na joto papo hapo, na mnunuzi wa namna hiyo hahitaji maabara.

Pengo la mnunuzi

Sasa turudi kwa Aflasafe. Mahindi yaliyotawanyiwa Aflasafe na yale yasiyotawanyiwa yanafanana. Yana rangi moja, uzito mmoja, ladha moja. Debe moja haliwezi kutofautishwa na jingine kwa jicho wala kwa ulimi. Kwa hiyo mkulima anayenunua kilo 4 kwa ekari ananunua tukio ambalo halitatokea. Asipougua, hajui kama ni kwa sababu ya Aflasafe au kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri. Dalali anayekuja na lori hamlipi zaidi, maana dalali naye hana njia ya kujua, na hata akijua, mnunuzi wake wa Nairobi hajui.

Kupima kunawezekana. Kiwango cha Kenya leo ni sehemu 10 kwa kila bilioni, na vipo vifaa vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Lakini sumu haisambai sawasawa katika gunia. Punje chache zenye sumu kali zinaweza kuharibu gunia zima huku sampuli iliyochukuliwa pembeni ikionyesha usalama. Zaidi ya hayo, gharama ya kipimo kimoja huweza kuzidi bei ya gorogoro lenyewe. Hapo ndipo mtandao wa aina nyingine ulipohitajika. Chuo Kikuu cha Texas A&M, kupitia mpango uitwao APTECA, kilishirikiana na wenye viwanda vya unga nchini Kenya ili wapime mahindi kwa utaratibu mmoja unaokaguliwa. Chuo hicho hakikuleta bidhaa mpya. Kilileta uaminifu, na uaminifu nao ni kitu kinachouzika. Mpango kama huo, hata hivyo, unawafaa wasagaji wakubwa. Mashine ya kusaga iliyo nyuma ya soko la Makindu, ambako mtoto hutumwa na debe kichwani, iko nje ya mtandao huo.

Nigeria walijaribu njia ya moja kwa moja zaidi. Katika mradi wa AgResults ulioanza mwaka 2013, kampuni zilizokusanya mahindi ya wakulima wadogo zililipwa dola 18.75 kwa kila tani iliyothibitishwa kuwa imetibiwa kwa Aflasafe. Walipaji walifahamu kwamba kiungo kilichokuwa dhaifu hakikuwa mkulima. Kilikuwa mnunuzi. Kwa hiyo walimtengeneza mnunuzi kwa fedha mpaka soko halisi lianze kumwona, hasa watengenezaji wa chakula cha kuku, ambao kuku wao hufa au hawakui. Kuku, katika jambo hili, ni mteja makini kuliko binadamu.

Tanzania ilipitia msiba wake mwaka 2016, pale sumukuvu ilipoua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwaka 2018 ilisajili Aflasafe zake mbili, TZ01 na TZ02, na leseni ikapewa A to Z ya Arusha, kampuni inayojulikana zaidi kwa vyandarua. Uchaguzi huo si wa ajabu unavyoonekana. Chandarua nacho ni kinga ya jambo lisiloonekana, na A to Z ilikuwa na mtandao uliokwisha kufika vijijini.

Je, mtandao wa Ukambani una nini ambacho Nigeria na Arizona hazina? Una mwethya. Vikundi hivi vya Wakamba vya kusaidiana kazi, ambavyo vilichimba matuta katika vilima vya Machakos kwa miongo mingi, vinaafikiana na tabia ya kuvu yenyewe. Kuvu huruka na upepo. Shamba moja lililotibiwa katikati ya mashamba kumi yasiyotibiwa hupata faida pungufu. Mashamba kumi yaliyotibiwa pamoja hubadilisha kuvu za eneo zima, na Arizona walikwisha kuonyesha kwamba badiliko hilo hudumu kupita msimu mmoja. Bidhaa hii, kwa asili yake, ni ya kikundi. Kuiuza kwa mkulima mmoja mmoja kwenye agroveti ni kuiuza kinyume cha maumbile yake. Tangu mwaka 2013 kilimo ni jukumu la kaunti, na maofisa wa ugani wa kaunti, wakienda kwa vikundi, wangekuwa wauzaji bora kuliko bango lolote la barabarani.

Upo pia ujuzi wa jikoni usiotambuliwa na mlolongo ulioelezwa hapo juu. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ambayo ni chakula cha kawaida cha Wakamba, ulichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba kukoboa peke yake kulipunguza sumu kwa karibu nusu kwa wastani, ingawa tofauti kati ya sampuli na sampuli ilikuwa kubwa. Nusu ya sumu nyingi bado ni sumu nyingi, na haifai mtu aelezwe vinginevyo. Hata hivyo hapa pana bidhaa inayoliwa, inayopendwa, yenye jina la wenyewe, na ambayo sayansi imeipa sababu ya ziada ya kuwekwa kwenye pakiti. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha eneo hili, iwe ni kile cha Machakos au South Eastern Kenya kilichoko Kitui, hahitaji kwenda Arizona ili kuipata.

Majina na maelekezo

Sehemu kubwa ya mahindi ya Makindu haifiki sokoni. Huliwa nyumbani. Mkulima huyo ni mzalishaji na mlaji kwa wakati mmoja, na hakuna dalali, msagaji wala mkaguzi atakayesimama kati yake na sufuria. Kwake bei haiwezi kumwambia lolote. Kinachobaki ni maneno. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia katika mtandao, si kama wapambe bali kama kiungo.

Istilahi sumukuvu imeenea Tanzania, ikatumika hata katika mradi wa serikali wa TANIPAC. Ni istilahi nzuri kwa kipimo cha uundaji: nomino mbili, mofolojia rahisi, maana wazi. Katika Kenya neno kuvu si la kila siku. Watu husema ukungu, neno ambalo pia ni la hewa nzito ya asubuhi, na vyombo vya habari mara nyingi hutumia aflatoksini. Lakini uwazi wa sumukuvu una hatari yake. Anayesikia sumu ya kuvu hutafuta kuvu. Asipoiona, huamini kwamba mahindi ni salama, ilhali punje safi yaweza kuwa na sumu, na punje yenye ukungu wa kijani yaweza kuwa na ukungu wa aina nyingine. Istilahi sahihi kwa mwanaisimu inaweza basi kumpeleka mlaji mahali pasipofaa. Hili ni jambo la kupimwa kwa wasemaji wenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, kabla ya kuamuliwa katika kikao cha istilahi.

Jina Aflasafe lina tatizo jingine. Nusu yake ni ya kimaabara na nusu ni Kiingereza, wala halimwambii mkulima kwamba anachonunua ni kiumbe hai. Kwenye agroveti kila kitu ni dawa. Dawa, katika uzoefu wa mkulima, hununuliwa ugonjwa ukionekana, huchanganywa na maji, hunyunyizwa kwa pampu na huua. Aflasafe haifanyi hata moja kati ya hayo. Akisubiri aone dalili, amechelewa. Akiiweka katika maji, ameiharibu. Akiitawanya juu ya udongo mkavu, kuvu haitaota, na huenda ndege na kuku wakaimaliza kwanza, maana ni mtama.

Wakati wa kuitumia nao unahitaji kutajwa kwa lugha ya shamba. Katika Makueni ya chini mvua za kutegemewa zaidi ni zile za Oktoba hadi Desemba. Maelekezo yanayosema wiki mbili hadi tatu kabla ya kutoa maua yanamtaka mkulima ahesabu kurudi nyuma kutoka jambo ambalo halijatokea, na ambalo huja mapema kwa mbegu ya muda mfupi kama Katumani kuliko kwa mbegu ya nyanda za juu. Afadhali aambiwe hali ya mmea anaouona siku hiyo: urefu umefika wapi mwilini mwake, majani mangapi yamefunguka, mbelewele bado imejificha ndani ya majani. Na kitenzi kiwe tawanya, au hata rusha kwa mkono, kama mtu apandaye wimbi. Kikiandikwa nyunyiza, atakwenda kuazima pampu.